Mzimu wa Zamu ya Mchana

Siku mke wangu alipoanza kutokuwepo, lifti ya mashuka ilishuka tupu.

Lifti hiyo ni kisanduku cha mbao tu. Hupandishwa na kushushwa kwa kamba, kutoka chumba cha dobi kule chini hadi ghorofa ya juu ya hoteli yetu kongwe. Mimi napiga pasi chini. Yeye alikuwa anatandika vitanda juu. Safi inapanda, chafu inashuka, na nusu ya ndoa yetu ilipita humo humo. Mara kipande cha mkate kimefungwa kwenye leso, mara kifungo cha shati langu alichokiona kimelegea asubuhi tukiwa njiani.

Siku ile nikavuta kamba, kisanduku kikaja bila kitu. Nikacheka. Nikaingiza kichwa shimoni nikapaza sauti:

"Mama Hodi! Leo wageni wamelala wamesimama?"

Kimya. Nikadhani amenuna. Mimi ni mtu niliyezoea kununiwa, kwa hiyo sikushtuka. Nikarudi kwenye kola za watu, nikijiambia nitambembeleza tukitoka.

Kumbe alikuwa ameketi kwenye kiti cha korido, mlangoni pa chumba cha kumi na saba, apumzike kidogo. Moyo nao ukapumzika. Walipokuja kuniambia nilikuwa nimeshika pasi, na shati la mgeni likaungua pale pale mbele ya macho yao.

Ndivyo nilivyo. Hata msiba niliuanza kwa kuharibu kazi.

Wale ambao mmekuwa nami tangu mwanzo mnayajua haya. Kwa aliyeingia leo, nitafupisha, maana ukirefusha aibu inazaa.

Hoteli yetu ina umri mkubwa kuliko babu zetu, na kila hoteli ya umri huo lazima iwe na mzimu, kama kila ukoo unavyokuwa na mlevi wake. Wa kwetu aliitwa Bibi wa Ngazini. Eti ni mwanamke wa enzi hizo anayepanda na kushuka ngazi akimtafuta mumewe. Wageni wanatoka mbali kuja kumwona, na anayewatembeza ni mtu mmoja tunamwita Profesa. Amesoma vitabu viwili, na vyote aliviazima.

Tatizo ni kwamba Bibi wa Ngazini alikuwa mvivu. Miaka nenda, miaka rudi, hajaonekana na mtu ambaye hajalewa.

Kisha tukamzika mke wangu, na wageni wa ghorofa ya juu wakaanza kusema mambo. Wakirudi chumbani mchana wanakuta kitanda kimetandikwa vizuri, na pembe moja ya foronya imekunjwa kwa ndani. Sikio dogo, upande wa kushoto, kama mtu aliyeweka alama kwenye kitabu ili asipotee alipoishia.

Sikio hilo nalijua. Nyumbani, kila asubuhi mke wangu akitandika, alikuwa analikunja kwenye mto wangu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Ili mto usikie unavyokoroma, siku ukikana nipate shahidi."

Wageni hakuwakunjia hata siku moja. Lilikuwa langu peke yangu.

Basi nikaamini. Mtu mzima, mwenye cheti cha sekondari kilichofungwa kwenye plastiki, nikaamini mke wangu amerudi kazini. Na kilichonimaliza kabisa ni saa za kazi. Mzimu huyu hakukunja chochote usiku. Alikunja mchana tu, zamu ikiisha naye ameisha. Ni yeye! Akiwa hai hakuwahi kukubali zamu ya usiku, aje akubali akiwa marehemu?

Nimeshawasimulia nilivyokamatwa nikinusa foronya ya mgeni. Nimewasimulia nilivyojificha chini ya kitanda, mgeni mnene akaja kupumzika juu yake. Na wiki iliyopita niliwaacha nikiwa ndani ya kabati la chumba cha kumi na saba, mchana kweupe, goti likiwa usawa wa sikio, nikimsubiri aje akunje.

Ufunguo ukazunguka. Na sauti ya mwanamke, mlangoni pa chumba kisicho na mtu, ikasema:

"Hodi. Hodi. Hodi jamani."

Sasa nieleweni. Hakuna mhudumu anayebisha hodi chumba ambacho mgeni wake ameshatoka. Alikuwepo mmoja tu, ndiyo maana akaitwa Mama Hodi. Alikuwa akisema chumba cha zamani hivi hakiwezi kukosa mtu, na asiyeonekana naye ana heshima yake.

Nikataka kujibu "karibu". Kilichotoka ni mlio kama wa bawaba iliyokosa mafuta.

Mlango ukafunguka. Nikaweka jicho kwenye ufa wa kabati.

Nikaona viatu. Vyeupe, vya mpira. Mke wangu alizikwa na vyeusi.

Nikajipa moyo. Nikasema labda huko wanabadilishiwa.

Kisha likaingia toroli la usafi, na nyuma ya toroli akaingia Mwanagenzi.

Mwanagenzi ni mama wa watoto wawili, si msichana, lakini jina alipewa siku alipoanza kufundishwa na mke wangu na limemganda. Alifundishwa kutandika, kufuta kioo bila kuacha alama, na kumbe alifundishwa na hodi. Sasa ghorofa ya juu ni yake.

Nikabaki ndani ya kabati, pumzi nimeibana. Nilijiambia huyu atatandika aondoke, kisha mwenyewe ataingia akunje. Mtu akitaka kujidanganya hakosi nafasi.

Mwanagenzi akatandika shuka. Akachukua mto. Akainua foronya kutoka kwenye toroli, akaikung'uta mara moja.

Sikio lilikuwa limeshakunjwa.

Limekunjwa, limepigwa pasi juu yake, limekaa na wanga wake, limenyooka kama askari. Akauingiza mto taratibu bila kuligusa, akaulaza, akaugeuza kidogo ili sikio likae kushoto.

"Wewe!" nikapiga kelele.

Nilisahau kwamba mtu akiwa kabatini hatakiwi kusema "wewe". Nikausukuma mlango. Nao ni wa tangu enzi za Bibi wa Ngazini, ukatoka wote na bawaba zake, nami nikaufuata, na joho moja la kuogea likanifuata mimi na kunifunika kichwa.

Mwanagenzi hakukimbia. Alinipiga kwa brashi ya choo.

"Toka! Toka kwa jina la Mungu! Rudi ulikotoka!"

"Ni mimi! Acha! Ni Kola!"

Kola ni mimi, kwa sababu ya kola za mashati. Akanipiga moja ya ziada, nadhani ile ilikuwa ya makusudi.

"Mzee Kola! Unafanya nini kabatini?"

"Wewe ndiye unayekunja!"

"Nakunja nini?"

"Hilo sikio! Umeweka foronya ikiwa imekunjwa!"

Akaitazama foronya, akanitazama mimi, kisha akaiweka chini ile brashi kwa upole, kama mtu aliyegundua kwamba anayegombana naye ni mgonjwa.

"Mzee wangu," akasema, "zinatoka hivyo dobini."

"Dobi gani?"

"Kuna dobi wangapi wa ghorofa hii?"

"Dobi ni mimi."

"Ndiyo."

Ilichukua muda. Mimi si mtu wa kuelewa haraka, na brashi ya choo haisaidii.

Furushi la ghorofa ya juu nalipiga pasi mimi. Wenzangu wawili kule chini hawaligusi. Lilikuwa la mke wangu, na sijawahi kumwachia mtu. Nasimama pale, mvuke machoni, mikono inakwenda, akili iko makaburini. Na kumbe mkono ukifika pembe ya kushoto, unakunja.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu urudi kutoka kwenye msiba."

"Mbona hukuniambia?"

Akavuta shuka lililokuwa limeshavutika. "Nilidhani unamkumbuka. Nikajiuliza, mimi nani hata nikunjue? Na wote walisema, usiguse kitu cha Kola, atalia."

"Na wageni wanaosema kuna mzimu?"

"Mimi nani aliniuliza? Profesa aliniuliza tu kama nikiingia humu nasikia baridi. Nikamwambia ndiyo. Feni ilikuwa imewashwa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo zenyewe utakuwa umezipiga pasi mwenyewe.

Nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimemlilia mke wangu mara moja, nikazika, nikanyamaza. Kisha nikampata tena, kwenye pembe ya foronya, nikawa natoka nyumbani asubuhi nikitembea kama kijana anayekwenda kuposa. Sasa nikawa nimempoteza mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kunipa pole, maana nani atatoa pole ya foronya?

"Pole, mzee," akasema Mwanagenzi.

Basi yupo mmoja.

Pale pale korido ikajaa miguu. Sauti ya Profesa ikatangulia:

"Na hapa, wageni wangu, ndipo mahali penyewe! Kiti kile msikikalie. Sasa tukiingia chumbani polepole..."

Wakaingia. Wakaona mlango wa kabati sakafuni, mwanamke amesimama kando ya brashi ya choo, na mwanamume ameketi chini, ana joho jeupe kichwani, machozi yanamtoka.

Bibi mmoja akapiga yowe. Mwingine akampiga Profesa kwa mkoba, sijui kwa nini, ila niliburudika.

Profesa hakupoteza hata sekunde. "Huyu," akasema kwa sauti ya chini, "ni mume wake. Kila siku anakuja hapa kumsubiri."

Uongo wote aliowahi kusema mtu yule, na siku hiyo akasema kweli kwa bahati mbaya.

Wakanipigia makofi. Mzee mmoja alisimama kabisa. Mara ya mwisho kupigiwa makofi ilikuwa siku ya harusi yangu, na siku ile pia nilianguka mlangoni.

Meneja akaniita ofisini. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Ningemshukuru.

"Kola, kaa."

Nikakaa.

"Nimefikiria," akasema. Meneja akisema amefikiria, ujue mtu ataumia. "Bibi wa Ngazini amechoka. Hakuna anayemjua, hakuna aliyemwona. Lakini mkeo! Watu walimjua. Kiti kipo. Chumba kipo. Mume yupo na analia vizuri. Nataka picha yake ngazini, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Profesa ataandaa maneno."

"Bosi, ule mzimu ni mimi."

"Najua una uchungu."

"Sisemi uchungu. Nasema ni mimi. Foronya nazikunja mimi, dobini, bila kujijua. Muulize Mwanagenzi."

Akaegemea kiti. Nikaona ameelewa, na moyo wangu ukashuka, maana kumbe sehemu yangu moja ilikuwa inaomba asielewe.

"Bila kujijua?" akauliza.

"Bila kujijua."

"Mkono unakunja, wewe hujui?"

"Sijui."

"Basi nani anaukunjisha?"

Nimepiga pasi tangu ujana, sijawahi kukutana na kasoro ya namna hiyo nikakosa pa kuishikia.

"Unaona?" akasema Meneja, akasimama kama wakili aliyeshinda kesi. "Picha hutoi leo, sawa. Utaleta. Sasa shuka mapokezi, una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mama mkwe wako. Ametoka mbali. Amesikia habari, anataka kumwona binti yake. Nimempa chumba cha kumi na saba, apumzike leo mchana, bure; kitatandikwa upya, maana wageni wa Profesa wameondoka na foronya zote zenye sikio. Mama wa mzimu mwenyewe, Kola! Profesa amelia."

Niliposhuka zile ngazi niliomba Bibi wa Ngazini anisukume. Mvivu yule, hata hapo hakufanya kazi.

Mama mkwe alikuwa ameketi mapokezi, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, fimbo kando. Kiti alichokalia ni cha wageni wakubwa. Kilimtosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Mwenyewe, mama."

"Inaonekana."

Nikasimama. Kukaa mbele yake sijawahi kuweza bila kuambiwa, na hajawahi kuniambia.

Niseme tu ukweli kuhusu mimi na yeye. Nilipokwenda kuposa, alisema mbele ya watu kwamba mwanamume anayenyoosha nguo za wengine hatajua kunyoosha maisha ya mtoto wake. Binti yake akamjibu. Kuna maneno mtoto hamwambii mama, aliyasema yote, na mama akamjibu yaliyobaki. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa kupitia watu. Ugomvi wao haukuwa shamba wala nyumba. Ulikuwa mimi. Fikiria wanawake wawili wa maana wanagombania kitu, unakifungua unakuta ni hiki.

Siku ya mazishi hakuja. Alituma ujumbe kwamba miguu imemkatalia. Ndugu wakanong'ona, mimi sikunong'ona. Nilipoiona fimbo ile pale mapokezi, nikajua ilikuwa miguu kweli.

"Nimeambiwa anakunja foronya," akasema.

"Mama..."

"Sikio dogo. Kushoto."

Nikatazama viatu vyangu.

"Alianza akiwa hivi," akaonyesha kwa mkono, usawa wa goti. "Nanunua foronya mpya, yeye anakunja. Namchapa, analia, anakunja. Nikamuuliza, wewe mtoto una wazimu? Akaniambia, mama, mto ukiwa na sikio unakusikia ukiwa peke yako."

Kwangu alisema ni la kukoroma. Mpaka leo sijui ni lipi. Labda mtoto alisema la kweli na mke akasema la kumfaa mume.

"Akafika mahali akawa ananikunjia na mimi. Kila tukigombana. Hasemi samahani, huyo! Kichwa kigumu kama baba yake. Jioni naingia kulala, nakuta sikio. Basi najua yameisha."

Akashika fimbo, akaizungusha kidogo.

"Siku alipotoka kwangu kwa ajili yako, niliingia kulala nikakuta mto bapa. Umekuwa bapa tangu siku hiyo."

Mtu wa mapokezi aliyekuwa akijifanya anapanga funguo akaacha kujifanya.

"Sasa sikiliza, mkwe. Nitakaa juu, watandike, niingie. Nikikuta sikio, nitajua yameisha, nitamwambia la kwangu nirudi nyumbani nikazeeke kwa amani. Nikikuta bapa, nitajua bado hanitaki. Hilo nalo nitalichukua. Ni la kwangu."

"Mama, kabla hujapanda kuna jambo nataka..."

"Usiniambie kitu."

"Ni kuhusu hizo foronya."

"Mkwe." Akanitazama. Si kwa chuki. Ingekuwa chuki ningeizoea. "Mimi na wewe tukianza kuongea tutagombana, na nimekuja kumaliza ugomvi, sikuja kuongeza. Nishike mkono nipande ngazi."

Hajawahi kunipa mkono. Nikaupokea. Ulikuwa mwepesi kama leso.

Tulipanda taratibu. Nilikuwa na ngazi zote zile za kusema kweli, na ngazi zetu si chache. Kila tukifika pa kupumzika nilikuwa navuta pumzi niseme, naye alikuwa anavuta pumzi apumzike, na pumzi yake ilinishinda.

Ghorofa ya juu korido ilikuwa tupu. Kiti kilikuwa pale pale. Tangu siku ile hakuna aliyekikalia. Mwanagenzi hukifuta vumbi, hakisogezi.

Mama mkwe akakitazama.

"Ni hiki?"

"Ndiyo, mama."

Akaketi. Akaweka mkoba mapajani, akanyoosha sketi, akaweka mikono juu ya mkoba. Alikaa vile vile alivyokutwa binti yake.

"Nenda kafanye kazi yako," akasema. "Nitasubiri."

Nikashuka nikikimbia, mzee mzima, nikampita Profesa ngazini aliyekuwa anauliza kama mama anaweza kusema neno mbele ya wageni. Nikamwambia neno moja, siliandiki hapa.

Dobini niliwasha pasi, nikachukua foronya safi, nikainyunyizia maji, nikaitandaza mezani. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Dhambi ni dhambi, lakini mama anasubiri. Mkono huu umekunja masikio kwa wageni wasiotujua, utashindwa kumkunjia mama mzazi?

Nikaushusha hadi pembe ya kushoto.

Haukukunja.

Nikaurudisha juu, nikauleta tena kama mtu anayemleta punda mtoni. Ukapita pale pembeni, ukanyoosha, ukaendelea. Mkono uliokuwa unafanya bila kuambiwa, sasa umeambiwa, umesahau.

Basi nikakunja kwa makusudi. Likatoka sikio la tembo. Nikalinyoosha, nikajaribu dogo. Likatoka kama pembe ya bahasha, limechongoka, halina huruma. Nikajaribu kukumbuka yeye alivyokuwa anafanya: kidole gumba ndani, anageuza mara moja, anabana kwa kucha. Nikaingiza kidole gumba. Kikatoka kimeungua.

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu nikajicheka kwa sauti. Kwa muda wote ule nilikuwa nalitengeneza vizuri hata mimi mwenyewe, niliyelalia la kweli ndoa nzima, nisitambue tofauti. Siku nimejua ninachokifanya, sijui kukifanya. Yule aliye juu alizaa mikono iliyokuwa inakunja. Nikimpelekea la kughushi atalijua kabla hajavua kiatu.

Nikimpelekea bapa, nimemwambia kwa kinywa cha binti yake neno ambalo binti hakulisema.

Na nikipanda nikamwambia kweli, nimemnyang'anya yote mawili, nimempa foronya tu.

Nikaingiza kichwa kwenye shimo la lifti. Nilikuwa sijafanya hivyo tangu siku ile. Harufu ni ile ile, ya mbao na sabuni.

"Mama Hodi," nikasema polepole, ili wenzangu wasinisikie. "Nisaidie. Si kwa ajili yangu."

Kutoka juu, sauti ya mwanamke ikashuka:

"Mzee Kola!"

Ilikuwa Mwanagenzi. Nilijua ni Mwanagenzi. Hata hivyo nilijigonga kichwa kwa kuruka.

"Naam!"

"Foronya ya kumi na saba! Shuka nimeshatandika, mama anasubiri mlangoni."

"Inakuja!"

Aliposema tena alikuwa ameishusha sauti, na nikajua ameingiza kichwa shimoni kama mimi.

"Mzee. Ameniuliza kama nilifundishwa na mwanawe. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nibishe hodi nikiingia, asikie ninavyobisha. Nimebisha. Amelia."

Nikapuliza kidole kilichoungua.

"Unaleta iliyokunjwa au iliyonyooka?"

Nikatazama meza.

"Mzee Kola? Nimwambie nini?"

Kamba imeanza kutikisika, anaivuta apandishe. Mama mkwe yuko juu kwenye kiti. Foronya iko mezani mbele yangu, ina unyevu bado, pembe zote nne zimenyooka, na pasi ina moto.